Zapata na Hati za Kijiji

Ndugu zangu, likitajwa jina la Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima waasi wa Meksiko, wengi huwaza kofia pana, farasi na bunduki. Leo nawaomba tuangalie makaratasi.

Mwaka 1909 wanakijiji wa Anenecuilco, jimbo la Morelos nchini Meksiko, walimchagua kijana huyu aongoze baraza lao, wakamkabidhi hati za kale za ardhi yao. Mashamba makubwa ya miwa yalikuwa yakimeza ardhi ya vijiji, na utawala wa Rais Porfirio Díaz haukuwasikiliza wakulima. Silaha walizishika baada ya kuchoka kubisha hodi maofisini.

Díaz aliondoka 1911. Francisco Madero, aliyekuja kuwa rais mwaka huohuo, akawataka wakulima waweke silaha chini, suala la ardhi lisubiri. Zapata akakataa. Novemba ukatangazwa Mpango wa Ayala, ulioandikwa pamoja na mwalimu Otilio Montaño: vijiji vyenye hati virudishiwe ardhi, na theluthi ya mashamba makubwa ichukuliwe kwa fidia, wapewe wasio nayo.

Mwaka ninaouenzi zaidi ni 1915, Morelos ilipokuwa mikononi mwa Zapata na wenzake. Vijana waliosomea kilimo walikuja kupima mipaka, na Zapata akawaagiza wafuate ukuta wa mawe ambao wanakijiji wanautambua, hata ukiwa umepinda. Mtaalamu mwenye vipimo vyake alitakiwa kumsikiliza mkulima kwanza! Ni mapinduzi machache yaliyompa mkulima heshima hiyo.

Zapata aliuawa kwa hila huko Chinameca, 10 Aprili 1919, na askari wa serikali ya Rais Venustiano Carranza. Chini ya serikali hiyohiyo, Ibara ya 27 ya katiba ya 1917 ilikuwa tayari imetambua haki ya vijiji kupata ardhi. Baadaye Rais Lázaro Cárdenas (1934-1940) aligawa takriban hekta milioni 18, nyingi zikiwa ejido, yaani ardhi ya jumuiya isiyouzwa. Kazi kubwa mno, nami naiheshimu. Lakini mgao ulipitia kwa serikali na chama chake, na aliyepewa ardhi akadaiwa utii. Zapata hakulipigania hilo.

Mwaka 1992 ibara ile ilibadilishwa: ugawaji ukakoma, ejido zikaruhusiwa kubinafsishwa. Tarehe 1 Januari 1994, mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza kutumika, wakulima wa asili ya Kimaya huko Chiapas, kusini mwa Meksiko, waliinuka na silaha wakijiita Wazapatista. Walitwaa mashamba ya matajiri, na mwaka 2003 wakaunda mabaraza yao ya utawala, wajumbe wakitoka vijijini na kuhudumu kwa zamu, bila kungoja kibali cha rais yeyote.