Uholanzi 2001: Ndoa ya jinsia moja ilipitaje, na mapengo iliyoyaacha

Habari zenu huko nyumbani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tunaongea sheria: Uholanzi ilifikaje kuwa nchi ya kwanza duniani kufungisha ndoa ya wanaume wawili au wanawake wawili. Uunge mkono, upinge, hiyo ni juu yako; tarehe ndizo hizi.

Mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa hapa Uholanzi ilikataa ndoa hiyo. Ilisema ndoa ya kiserikali ni ya mwanamume na mwanamke, na kubadilisha hilo ni kazi ya bunge. Shida ni kwamba tangu 1918 hakuna serikali iliyoundwa bila vyama vya Kikristo. Mwaka 1994 waziri mkuu Wim Kok akaunda ya kwanza isiyo nao, na hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea.

Tarehe 1 Januari 1998 ukaja ubia uliosajiliwa, yaani muungano wa wapenzi wawili unaoandikishwa manispaa, unaofanana na ndoa bila kuitwa ndoa. Denmark walikuwa na wao tangu 1989, ila ule ulikuwa wa jinsia moja tu. Waholanzi waliufungulia kila mtu, hata mwanamume na mwanamke wasiotaka neno "ndoa". Shikeni hilo, tutalirudia.

Bunge likapitisha ndoa yenyewe tarehe 12 Septemba 2000, kura 109 kwa 33. Seneti ikafuata Desemba, 49 kwa 26. Usiku wa manane wa kuamkia 1 Aprili 2001, meya wa Amsterdam, Job Cohen, akafungisha ndoa nne: tatu za wanaume, moja ya wanawake. Huyo huyo ndiye aliyeusimamia muswada alipokuwa naibu waziri wa sheria.

Sasa mapengo. Mwanamke akizaa ndani ya ndoa ya wanawake wawili, mwenzake hakuwa mzazi kisheria. Ilibidi aende mahakamani kumuasili mtoto. Hilo lilirekebishwa 1 Aprili 2014, na hata leo uzazi huo unakuja wenyewe pale tu mtoa mbegu hajulikani kwa mama. Kuasili mtoto kutoka nchi nyingine kama wanandoa kulisubiri hadi 2009.

Kituko kikubwa kilikuwa talaka ya chapuchapu. Sheria ya 2001 iliruhusu kugeuza ndoa kuwa ubia, na ubia uliweza kuvunjwa kwa makubaliano, bila hakimu. Watu wakaunganisha hatua mbili: mnakwenda manispaa, msajili anaigeuza ndoa, kisha wakili au mthibitishaji wa hati (notari) anatia saini makubaliano, yanasajiliwa, kwisha. Waliokimbilia hapo wengi ni wanandoa wa kawaida, mume na mke! Madhara yakaonekana haraka: hakuna aliyekagua watoto watalelewa na nani, na nje ya nchi karatasi hiyo haikutambulika kila mahali kama talaka, kwa hiyo mtu angeweza kuhesabiwa bado ameoa. Njia hiyo ilifungwa 1 Machi 2009. Kugeuza ubia kuwa ndoa bado kunaruhusiwa.

Utaratibu wa leo ni mmoja kwa wote: mnatoa taarifa manispaa angalau siku 14 kabla, mnaleta mashahidi 2 hadi 4, na kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Kwa waliooana tangu 2018, mali ya kabla ya ndoa, urithi na zawadi hubaki za mwenyewe, isipokuwa mkiandikiana vingine kwa mthibitishaji.

Kwa wenzetu wenye mali Kenya: sheria ya ndoa ya 2014 inatambua mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo cheti cha Amsterdam hakimfanyi mwenzako mrithi wa shamba au nyumba yako iliyo Kenya. Wosia wa maandishi ndio njia, nao unahitaji mashahidi wawili. Asitie saini ya ushahidi yule unayemwachia, kwani alichoachiwa kitabatilika, labda wawepo mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu.