Taja Kidole, Usitaje Jina: Mhadhara kwa Wapiga Gitaa wa Ridhaa

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Gitaa zibaki mapajani, tutazihitaji sasa hivi.

Tukikutana sisi tunaopiga gitaa bila kulipwa, utambulisho wetu huwa wa aina moja. Mtu anasimama: mimi nimeathiriwa na Mbaraka Mwinshehe, na Franco, na Dokta Nico, gitaa langu ni hili, amplifaya yangu ni ile, nina miaka kumi na tano kwenye nyuzi. Anakaa, anasimama mwingine. Zamu ikiisha hakuna aliyemjua mwenzake, maana majina hayo matatu ni mikono mitatu tofauti kabisa, na msemaji hajatuambia kachukua nini kwa nani. Leo naomba tubadili. Kila unachodai umerithi kwa fulani, kionyeshe: kidole gani, uzi gani, freti ya ngapi.

Tuanze na Jean Bosco Mwenda wa Katanga, kwa sababu mkono wake unaonekana wazi hata kwenye rekodi kuukuu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Gitaa la mbao, hakuna umeme, na mkono wa kulia unafanya kazi kwa vidole viwili tu: gumba linatembea kwenye besi, cha shahada kinachomoa wimbo juu. Anayesema amelelewa na Bosco basi tunategemea kuona gumba lake likienda lenyewe kama saa, wala lisisubiri kidole cha shahada kimalize. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Gumba na shahada vinagonga pamoja kila mara, muziki unakuwa mzito kama mtu anayepanda ngazi. Dawa yake ni kupiga gumba peke yake dakika tano nzima huku unaongea na mtu. Ukiweza kujibu swali bila gumba kuyumba, ongeza shahada.

Franco ni habari nyingine. Saini yake kubwa ni nyuzi mbili kwa pamoja, zinazoachana kwa noti sita (ukihesabu ngazi ya noti kutoka moja hadi nyingine), gumba na shahada zikibana kama mtu anayechuma kisamvu. Nico Kasanda, yaani huyo Dokta Nico, kwa kiasi kikubwa ni mstari wa noti moja moja unaotiririka. Kwa hiyo ukiwataja wote wawili kwa pumzi moja, tutakuuliza: mkono wako wa kulia umelala upande upi?

Hizo noti sita tuzipige sasa, maana hapa ndipo penye utajiri. Tuko kwenye C. Tumia uzi wa tatu na uzi wa kwanza. Uzi wa pili usisikike kabisa. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinakaa uzi wa tatu, na hakinyanyuki: kinateleza tu. Uzi wa kwanza unashikwa na kidole cha pete nyuzi zote zikiwa freti ileile, au cha shahada kama uzi wa kwanza uko freti moja nyuma. Basi, hakuna umbo la tatu. Kwenye kodi ya C (nazungumzia kodi za gitaa, TRA tuwaache wapumzike) bonyeza uzi wa tatu freti ya 9 na wa kwanza freti ya 8. Ukienda F, zote mbili freti ya 5, au ukipenda chini zaidi, uzi wa tatu freti ya 2 na wa kwanza freti ya 1. Ukienda G, uzi wa tatu freti ya 4 na wa kwanza freti ya 3, au zote freti ya 7. Rudi C kwa zote freti ya 12. Katikati unapitia tu, unateleza, freti ya 10 kwa zote ni daraja zuri la kupandia.

Kinachoharibika ni uzi wa pili. Ukisikia mlio wa tatu unaoning'inia, ncha ya kidole cha kati imesimama wima mno. Ilaze kidogo, nyama ya kidole iguse uzi wa pili bila kuubonyeza. Kosa lingine ni kunyanyua kidole cha kati kila unapohama: unapoteza ule mteremko, na mteremko ndio wimbo wenyewe.

Sasa niwaambie linaloniudhi. Katika mikutano kama hii watu kumi wanajitambulisha, tisa ni wapiga solo. Gitaa la rithim na lile la kati, ambalo wengine mnaliita mi-solo, halina mwenyewe. Jamani, bendi itasimama juu ya nini? Waliojitoa bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, na watu wanaoimba nyimbo zao hadi leo wanaimba pia mkong'oto wa rithim wa Omar Shabani bila kujua jina lake. Solo inaweza kunyamaza, wimbo ukaendelea. Rithim ikinyamaza, watu wanaangalia jukwaani kuna nini.

Mpiga rithim wa dansi anabeba kichwani mpigo tulioupata kwenye sahani za Kikuba. Hesabu hadi kumi na sita, polepole na kwa usawa, piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Huo ndio uti wa mgongo wa rumba. Rithim yako si lazima iyapige makofi hayo, lakini isigombane nayo. Anayebadilisha kodi kwenye 9 kwa sababu mdundo wa ngoma unamvuta, ajaribu kuchelewa hadi 11, asikie tofauti. Gitaa la kati ndilo linaloziba nafasi: noti moja moja za kodi ileile, kwa mviringo wa aina moja, juu ya freti ya 5 ili lisigongane na rithim iliyo chini. Mviringo huo haubadiliki hadi mwimbaji abadilishe. Uvivu huo wa makusudi ni kazi ngumu kuliko solo.

Wakongo waliligeuza hata gitaa lenyewe kwa ajili ya kazi hii. Katika mi-composé, unatoa uzi wa nne, ule wa D, na mahali pake unaweka uzi mwembamba wa kwanza, unautuni kwenye D ya oktava moja juu. Sasa maumbo yaleyale ya kodi yanatoa sauti inayometameta, utadhani ni gitaa mbili. Ukitaka kujaribu nyumbani, tumia uzi wa namba 10 (namba ya unene wa uzi). Uko noti moja nzima chini ya kawaida yake, kwa hiyo haukatiki, unalegea kidogo tu. Tatizo litakuwa kwenye mfereji wa pale kichwani, kwa sababu ulichongwa kwa uzi mnene na huu mwembamba utachezacheza na kulia kama nzi. Kunja kipande kidogo cha karatasi ngumu, kitie mferejini chini ya uzi, yatosha. Kisha upande wa daraja uhakikishe tena ulinganifu, nitaueleza hivi punde.

Benga mnaopiga, na nyie semeni kwa kidole. Daniel Owino Misiani alizaliwa eneo la Shirati, mkoani Mara, mwaka 1940, akaipa jina bendi yake kwa eneo hilo. Gitaa la benga linafuata nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane: noti fupi fupi, kavu, juu ya shingo, na besi haitulii hata sekunde. Kwa hiyo ukisema unapiga benga halafu noti zako zinaachwa zilie hadi ziishe zenyewe, umeazima jina tu. Zima noti kwa kiganja mara inapotoka.

Kuhusu Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, nina neno moja: mnaotaka kumfuata, tuni nusu noti chini au noti nzima chini, kisha tumia kapo, kile kibano cha shingoni, freti ya 1 au ya 2. Shingo itawashukuru.

Sasa, hao tunaowataja tunawasikia wapi? Hili linaamua tumeathiriwa na nini hasa. Sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo wa dansi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Maneno kwa kawaida yako upande wa kwanza. Chemko, pale gitaa zinapofunguliwa, liko wa pili. Mtu aliyejifunza kwa mkusanyiko uliobeba sehemu ya kwanza pekee, amemjua mpiga gitaa nusu.

Kingine ni kasi. Kanda za redio zilinakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa tena, na kila mashine ilikuwa na mwendo wake. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima umepanda nusu noti. Ukizidi asilimia 3, uko katikati ya freti mbili na hakuna freti ya kuukamata. Vijana wanadhani sikio lao ni bovu. Sikio ni zima. Acha gitaa kwenye A ya 440, ushushe au upandishe rekodi kwa programu ya simu hadi ilingane. Ukipunguza mwendo hadi asilimia 75 bila kubadilisha sauti, gitaa la kati linajitokeza lenyewe.

Vifaa. Hapa watu hupenda kusimama muda mrefu, mimi nitapita haraka, ila kwa machache yanayoharibu pesa zenu.

Nyuzi: kwa kazi ya noti sita na kuteleza, seti ya namba 10 inatosha, namba 9 inapinda ukibana kwa nguvu, na noti mbili zinakuwa mbili zisizopatana. Wa pwani, chumvi ya hewa na jasho ndiyo kutu yenu: kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi kila ukimaliza. Nyuzi za besi zilizokufa zinaweza kuchemshwa dakika kumi kwenye maji safi na kukaushwa; uchafu ulio kati ya mizunguko unatoka na mlio unarudi kwa siku chache. Nyuzi za solo msijisumbue kuchemsha. Na waya wa breki ya baiskeli, ndiyo, umepigiwa muziki mwingi, lakini ni chuma kigumu kuliko freti zako, utazila.

Urefu wa nyuzi kutoka freti: gitaa la umeme, kwenye freti ya 12, kama milimita 1.6 uzi mwembamba na 2 uzi mnene. Ulinganifu unapimwa hivi: gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, upate mlio wa kengele, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu ya kengele, sogeza kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Tuni upya kila ukisogeza, la sivyo unapima uongo. Na pima kwa nyuzi mpya. Uzi wa zamani hauna unene sawa mwanzo hadi mwisho.

Amplifaya: sauti ya dansi ni safi. Sababu si ushamba wa zamani. Ukipiga noti mbili kwa pamoja kwenye amplifaya inayokwaruza, inatengeneza noti za ziada ambazo hukuzipiga, na noti zinazoachana kwa tatu au sita kwenye gitaa lolote zimepishana kidogo na zile zilizo kamili, kwa hiyo za ziada zinagombana. Sauti inakuwa matope. Weka kitasa cha kuingiza chini, cha kutoa juu. Mwangwi uwe mfupi, kama milisekunde 130, marudio moja. Kwenye mwendo wa 120, mwangwi wa milisekunde 250 unaangukia katikati ya mapigo na unampigia mpiga rithim kazi yake bila ruhusa.

Na hili nalisema polepole. Amplifaya ya mtumba kutoka Japani au Marekani, geuza usome nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100V au 117V, umeme wetu wa 230 utaiua siku hiyohiyo. Transfoma chagua kwa kusoma umeme inaoumeza, si nguvu ya spika inayotajwa mbele, na ongeza nusu yake. Mkishika nyuzi na midomo ikigusa kipaza sauti mkasikia kuchoma, acheni kupiga: waya wa ardhi haupo mahali fulani. Msiutatue kwa kuvaa ndala.

Lililobaki ni ile miaka kumi na tano. Miaka haituambii kitu. Tuambie unaweza kushika mviringo mmoja wa gitaa la kati kwa muda gani bila kukimbia mwendo. Wimbo wa dansi unafika dakika nane, chemko peke yake nne. Jirekodi na kipima mwendo kikiwa kwenye sikio moja, kisha sikiliza dakika ya kwanza na ya nne mfululizo. Wengi mtakuta mmeharakisha, na karibu kila mara ni pale pale, kwenye kuhama kutoka F kwenda G, kwa sababu mkono unakimbilia mahali usipopajua vizuri. Hiyo dakika unayoanza kukimbia, hiyo ndiyo historia yako ya gitaa kwa leo, itaje.

Haya, tuanze zamu upya kuanzia huku mlangoni, na wa rithim watangulie. Ila kwanza uzi wa tano, A. Naona magitaa mawili huko nyuma yako chini.