Jezi yenye kichwa cha chui: Zaire 1974

HAMISI: Wasikilizaji hawaoni, ila leo Zuhura katinga studio na jezi. Kijani, ukosi wa njano, na kifuani duara kubwa lenye kichwa cha chui. Sizungumzii kibeji kile cha upande wa moyo. Chui kakaa katikati, anakukodolea macho.

ZUHURA: Zaire, ndiyo Kongo ya Kinshasa ya leo, 1974. Ni nakala lakini, jamani. Yenyewe ningeipatia wapi?

HAMISI: Mimi nikiiona tu, kicheko. Namkumbuka yule beki.

ZUHURA: Nilijua. Haya, simulia, tumalizane na hilo.

HAMISI: Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Brazil wamepata faulo nje ya boksi. Refa kapuliza filimbi ipigwe, mara beki wa Zaire anachomoka ukutani, anaubutua mpira huko! Faulo wala si yao! Refa kamlima kadi ya njano, Wabrazil wameduwaa.

ZUHURA: Huyo ni Mwepu Ilunga wa Lubumbashi. Klabu yake TP Englebert, ndiyo hii TP Mazembe ya leo. Walibeba ubingwa wa klabu Afrika 1967 na 1968. Sasa kaka Hamisi, mtu wa namna hiyo hajui faulo inapigwaje?

HAMISI: Ndivyo tulivyoambiwa miaka yote.

ZUHURA: Na watangazaji waliokuwa wanacheka, ndiyo. Mimi hii jezi naianzia Misri, Machi 1974, Kombe la Mataifa ya Afrika. Nusu fainali Zaire wanacheza na wenyeji, wanapigwa mbili bila. Palepale Cairo. Wakageuza, ikaisha 3-2.

HAMISI: Mbele ya Wamisri?

ZUHURA: Mbele ya Wamisri! Mawili kati ya hayo ya Ndaye Mulamba. Fainali wakakutana na Zambia. Muda wa nyongeza, dakika ya 117, Ndaye anafunga, inakuwa 2-1. Watu wanajua kombe tayari ni lao. Dakika ya 120 Zambia wanasawazisha.

HAMISI: Aisee. Wakaenda penalti?

ZUHURA: Hapakuwa na penalti, walirudiana baada ya siku mbili. Zaire 2, Zambia 0. Nani kafunga?

HAMISI: Usiniambie Ndaye tena.

ZUHURA: Yote mawili. Jumla mabao 9 katika mashindano yale. Kuna Eto'o, kuna Drogba, wamekuja wote wamepita, rekodi ya mabao katika Kombe la Mataifa moja bado iko kwake. Na hakuna anayekuonyesha video ya hayo. Kila mwaka wa Kombe la Dunia tunaletewa faulo ya Mwepu.

HAMISI: Kwa hiyo wanaingia Ujerumani wakiwa mabingwa wa Afrika.

ZUHURA: Na timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kikosi kizima kinacheza ligi ya nyumbani, maana Rais Mobutu hakutaka wachezaji wacheze nje. Alikuwa amewapa nyumba na magari. Mechi ya kwanza Scotland, Dortmund, wakafungwa 2-0. Si aibu hata kidogo.

HAMISI: Halafu Yugoslavia.

ZUHURA: Hapo katikati ndipo penye jambo. Wachezaji wakagundua posho waliyoahidiwa haipo, na viongozi walioongozana na timu ni wengi. Wakasema hatuchezi. Wakabembelezwa, wakaingia uwanjani, lakini nadhani roho zilishabaki hotelini.

HAMISI: Tisa bila.

ZUHURA: Tisa. Ikiwa 3-0, kama dakika ya 20 tu, kocha Vidinić anamtoa kipa, Kazadi, ambaye hakuumia. Anaingia Tubilandu. Kazi yake ya kwanza ikawa kuutoa mpira wavuni. Kwenye vurugu ya bao hilo refa anapigwa teke kwa nyuma, anamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu. Na aliyempiga ni Mwepu!

HAMISI: Yaani refa kawachanganya?

ZUHURA: Mwepu namba 2, Ndaye namba 13. Mfungaji bora wa Afrika kaondoka Kombe la Dunia kwa kosa la mwenzake. Kilichofuata, kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe miaka mingi baadaye, ni watu wa Mobutu kuja hotelini: mkifungwa na Brazil zaidi ya tatu, msirudi nyumbani.

HAMISI: Na Brazil nao walikuwa wanazitafuta tatu hizohizo.

ZUHURA: Ili waipite Scotland kwenye kundi kwa tofauti ya mabao. La tatu kafunga Valdomiro, Kazadi kaliachia likapita chini yake. Ikaisha tatu bila. Sasa wewe ni Mwepu, dakika zinayoyoma, unajua zikizidi tatu umekwisha, na mbele yako kuna faulo ya Brazil.

HAMISI: Hapo hata mimi ningeubutua.

ZUHURA: Safari nyingine alisema alitaka kadi nyekundu makusudi, kwa hasira ya kutolipwa. Mimi naona vyote viwili vinaweza kukaa kichwani mwa mtu mmoja.

HAMISI: Nikuulize kitu, dada. Huyu chui kifuani, si ndiye yule wa kofia ya Mobutu? Nchi kaibadilisha jina 1971, watu kawabadilisha majina, timu kaivisha chui wake. Mimi ningevaa kwa shida.

ZUHURA: Ni wa Mobutu, siwezi kukataa. Lakini aliyeivujia jasho jezi hii ni Ndaye. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuenziwa, aliporudi nyumbani majambazi wakampiga risasi mguuni. Akaishia ukimbizini Afrika Kusini, amefia huko 2019. Sidhani kama alipata hata senti ya jezi hizi zinazouzwa mtandaoni.

HAMISI: Na wewe umenunua.

ZUHURA: Nimenunua, na linaniuma. Ila nikivaa, wakinicheka kuhusu ile faulo, nawakalisha chini naanza na Cairo.

HAMISI: Mimi bado chui simvai. Tukutane wiki ijayo, tuna jezi ya Kameruni ya 2002, isiyo na mikono.