Yoga ya Pwani kwa Watoto Wadogo: Pumzi, Mkoko na Kasa

Hamjambo walimu wenzangu, nanyi wazazi mnaotutazama mkiwa nyumbani. Tuko ufukweni Bagamoyo, maji yamekupwa, na darasa la leo ni la watoto wa miaka 4 hadi 6. Tutawafundisha yoga kwa viumbe wanavyoviona papa hapa.

Kwanza, saa ya darasa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukikuta yamekupwa saa mbili asubuhi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamejaa. Waulizeni wavuvi kabla ya kupanga, tena msigongane na saa za madrasa.

Pekueni mchanga vizuri: vipande vya chupa, ndoana, miiba. Mtoto aliyekunywa chai na maandazi apumzike saa moja na nusu hivi kwanza. Wasichana wavae suruali ndani ya gauni, na hijabu ifungwe isimwangukie usoni anapoinama.

Mzazi akiuliza kama hii ni ibada, mjibuni kwa heshima na kwa ukweli. Yoga ilianzia India, na huko ina mizizi ya kiroho. Darasa letu halina maombi wala nyimbo za ibada. Tunanyoosha viungo, tunajifunza kusimama imara na kupumua. Mkaribisheni akae atazame. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu si haki kumweka mtoto katikati ya mwalimu na mzazi wake.

Sasa, kabla hamjatandika majamvi, nendeni na watoto mkatazame. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Mwalimu anasimama mbele, anasema "fanyeni kama mimi", na mtoto anaiga mikono ya mwalimu asijue inahusu nini. Lakini mtoto aliyechuchumaa kimya akimsubiri kaa atoke shimoni, ukimwambia awe kaa, utaona mwenyewe. Wapeni dakika kumi za kutazama, hata kama mnaona muda unakwenda.

Haya, tuketi. Miguu ikunjwe, viganja tumboni. Tukivuta pumzi, maji yanajaa, tumbo linapanda. Tukitoa, maji yanakupwa, tumbo linashuka. Mara tano au sita zinatosha. Msiwaambie wabane pumzi. Kwa umri huu pumzi iingie na kutoka tu.

Tusimame, tuingie mikokoni. Tazameni kule nyuma yangu: mkoko una mizizi inayotoka kwenye shina na kushuka matopeni pande zote, ndiyo inayoushikilia. Jirani yake, mchu, mizizi yake inachomoza juu ya tope, kwa kuwa ndani ya tope hewa ni haba. Watoto wakishaviona hivi viwili, wanasimama kwa namna mbili. Mkoko: miguu ipanuliwe, magoti yalegezwe kidogo, mikono ishuke pembeni, vidole vya miguu vishike mchanga. Mchu: mikono yote juu, vidole vimenyooka, pumzi ndefu.

Wakizoea, mguu mmoja uinuliwe. Wayo ukae kifundoni au kwenye shavu la mguu wa pili, usikae kwenye goti kamwe. Mwalimu apite katikati yao akiwa upepo wa kusi. Wataanguka, na hapo pana jambo zuri la kuwafundisha. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, kisha hudondoka, na ikikuta tope hushika mizizi. Kwa hiyo mtoto akianguka, darasa zima linasema, "Mbegu imedondoka!" Naye anachipua upya: anachuchumaa, anainuka taratibu, mikono juu. Hakuna anayechekwa, na wengine wataanguka kwa makusudi. Waacheni.

Kaa ni rahisi. Wakae chini, viganja nyuma, wainue makalio, watembee upande. Wengi watarudi kinyumenyume. Mrudisheni mtoto kwa yule kaa aliyemtazama. Viganja vikiuma, wapumzike.

Ngalawa: wakae, magoti yamekunjwa, waegemee nyuma kidogo, nyayo ziachane na mchanga. Mikono ienee pembeni, maana ngalawa haipinduki ovyo kwa sababu ya zile mbao zake za kila upande. Pumzi mbili, tatu, kisha ngalawa inatia nanga.

Sasa kasa, ninayempenda kuliko wote. Kasa wa kijani hutaga katika ufukwe wa Madete, Hifadhi ya Saadani, kaskazini mwa hapa. Hupanda usiku, huchimba, hutaga, hufukia, kisha hurudi baharini. Watoto wapige magoti, wakalie visigino, paji la uso lishuke kwenye jamvi, mikono ilale pembeni. Hilo ni gamba. Wasimulieni kwa sauti ya chini kwamba mayai hukaa mchangani kama miezi miwili hivi. Kisha vitoto vinatoka: walale kifudifudi, mikono mbele, wainue kifua kidogo tu, wapige kasia kuelekea majini.

Nawasihi sana, mtoto asiyefika chini msimkandamize mgongo. Mwonyesheni, au mpeni mto wa kanga iliyokunjwa chini ya paji la uso. Kusimama kwa kichwa nako tusikuguse kabisa, shingo zao bado changa.

Mwisho, walale chali. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe. Kwa yule asiyetulia, wekeni ganda tupu la kombe juu ya tumbo lake alitazame likipanda na kushuka. Dakika mbili zatosha, kisha wageukie ubavuni, wakae, wanywe maji.

Mazoezi yenyewe, ukiacha matembezi, ni dakika 20. Wiki ijayo rudieni yaleyale, mkiongeza kiumbe kimoja tu, na wachague watoto. Wa leo wamekwisha kuchagua: korongo, yule pale anayesimama kwa mguu mmoja kwenye maji madogo. Nitawaonyesha namna ya kumfanya katika video ijayo.