Mkorosho Wako, Udongo wa Nani?

(Mazungumzo na wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji, wilayani Tandahimba, Mtwara)

Wazee wangu, mama zangu, ahsanteni kwa kufika, maana najua salfa, ile dawa ya mikorosho, na palizi vinawasubiri mashambani.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa mtendaji wa kijiji walinijia mtu na mpwa wake. Mjomba alimpa kijana sehemu alime mihogo. Kijana akachomeka na miche ya mikorosho humo humo. Miti ilipoanza kuzaa, mjomba akataka shamba lake. Nikaketi ofisini, nikauliza mashahidi: nani kapanda? Wote wakasema mpwa. Nikaandika shamba ni la mpwa, nikagonga muhuri, nikaenda kula.

Siku ya tatu bibi mmoja akanishika mkono hadi shambani. Katikati ya ile miche kulikuwa na mikorosho mikubwa, magome yamepasuka, matawi yanaburuza chini, imesimama ovyo bila mstari. Pembeni, safu ya minyaa iliyozidi kimo cha mtu. Bibi akasema, "Hii kapanda mama yake mjomba. Tulipohamishwa tuliiacha." Ofisini hakuna aliyeutaja mkorosho mzee, kwa sababu mimi sikuuliza.

Kuhamishwa huko mnakujua. Operesheni Vijiji ya kuanzia 1973 iliwasogeza wazee wetu kwenye vijiji vya kando ya barabara, mashamba yakabaki mbali na kumezwa na pori. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Si hama hama peke yake iliyofanya hivyo, ugonjwa na bei mbaya navyo vimo, lakini mti uliotelekezwa hauzai. Baadaye bei ikapanda, watu wakarudi kwenye mahame, wengine wakakuta mgeni ameshafyeka. Sehemu kubwa ya kesi mnazoletewa leo zilizaliwa siku zile.

Kwa hiyo kwetu huku, mtu akisema "shamba langu", muulize anasema udongo au miti. Ni vitu viwili. Aliyeazimwa ardhi kwa desturi hupanda mihogo, mbaazi, ufuta, vitu vya kung'oa. Akipanda mkorosho anaanza kujenga madai, na mwenye ardhi akinyamaza miaka kumi, naye ana la kujibu. Halafu kuna mila. Zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba. Leo watoto wanasema baba yao alitoka jasho. Yule kijana wangu hakuwa mwizi. Alijiona anapanda kwake.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile Na. 5 ya 1999, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wanawake. Halmashauri ya kijiji inawapendekeza, mkutano mkuu unawaidhinisha. Kazi yenu ni kusuluhisha. Hamtoi hukumu, na asiyetaka kuja kwenu halazimishwi. Tangu mabadiliko ya 2021 hata Baraza la Kata halikati tena shauri la ardhi: linapatanisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka, mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenyekiti anayesema "nimempa fulani shamba" amejivika joho lisilo lake. Kama mimi na muhuri wangu.

(Mzee mmoja: "Ukaufuta vipi?")

Kwa aibu, mzee wangu. Niliwaita wote wawili, safari hii chini ya ule mkorosho mzee, na yule bibi akiwepo. Nikakiri. Tukahesabu miti mmoja mmoja, ya zamani tukaifunga kamba. Ilichukua asubuhi nzima, na mara mbili mjomba alisusa akaenda kukaa peke yake. Mwisho walikubaliana wenyewe: udongo na miti ya zamani ni ya mjomba, kijana avune miche yake misimu minne, kisha aiache. Tukaandika muhtasari, idadi ya miti ndani yake, wakaweka dole gumba, kila mmoja akachukua nakala. Nakala ya kijiji ililiwa na mchwa. Za kwao zipo.

Haya, tutoke. Nyuma ya darasa hili pana mikorosho ya umri mbalimbali. Kinamama watangulie, watuambie upi ulipandwa kwanza, na wamejuaje.