Kabla ya Sahani, Tazama Chupa

Ndugu wasikilizaji, unene na kisukari cha aina ya pili vikitajwa, macho yote hukimbilia sahani. Leo tuanze na chupa.

Chukueni soda ya mililita 500, mgeuze upande wenye maandishi madogo. Mtasoma, kwa mfano: sukari, gramu 10.6. Wengi huishia hapo wakidhani ni kidogo. Hiyo ni ya kila mililita 100. Zidisheni mara tano, mpate gramu 53. Kijiko cha chai cha kusawazisha huchota gramu 4 hivi, kwa hiyo humo mna vijiko 13. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50, au 25. Chupa moja imeshavuka mpaka wa juu, na mnywaji hata hajaketi kula.

Sukari huru ni ile inayotiwa, pamoja na ya asali na ya juisi. Naam, hata juisi isiyotiwa kitu: ukilikamua tunda, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye makapi, sukari yote ikaja glasini.

Shida ya kinywaji ni kwamba hakishibishi. Hakitafunwi, kinapita tumboni upesi, na mtu hapunguzi mlo unaofuata ili kufidia alichokunywa. Ziada ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa mafuta. Mafuta yakirundikana kwenye ini na misuli, insulini, homoni ya kongosho inayoifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia mwilini, hubisha hodi isifunguliwe. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka lishindwe. Hapo ndipo sukari ya damu hupanda.

Mizani haionyeshi mafuta yamekaa wapi. Uzi unaonyesha. Kata uzi wenye urefu wako, ukunje katikati, uuzungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani! Ncha zisipokutana, nenda ukapime sukari. Ukipima bila kula usiku kucha na ikafika milimoli 7.0 kwa lita, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa kisukari.

Aliye ukingoni mwa kisukari, sukari imepanda lakini haijafika huko, hajachelewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulifuata watu zaidi ya 3,000 wa namna hiyo. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, kwa asilimia 31. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kitu. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba.

Sasa serikali. Kodi ya vinywaji vitamu huleta mabishano mengi, lakini kwangu swali ni moja: inatozwa kwenye nini? Mexico ilianza 2014 kwa peso moja kwa lita. Ununuzi ulipungua, ila kinywaji chenye gramu 5 na chenye gramu 11 vililipa sawa, hivyo kiwanda hakikuwa na sababu ya kupunguza sukari. Uingereza ilitangaza yake 2016 na kuanza kutoza Aprili 2018, kwa madaraja: chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hulipi, kuanzia 5 unalipa, kuanzia 8 unalipa zaidi. Viwanda vingi vilibadilisha mapishi kabla siku haijafika. Sukari ikapungua hata kwa mnunuzi ambaye hakujua kuna kodi, na hilo ndilo napendelea kuliko mabango ya kuhimiza watu wajizuie. Kasoro yake ni kwamba juisi halisi iliachwa nje.

Kodi bila maji safi ya bure shuleni na kazini ni kumfungia mtu mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Nyumbani, punguzeni nusu kijiko kwenye chai kila wiki mbili. Ulimi huzoea polepole, ukiharakishwa hurudi ulikotoka. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyosukuma kongosho kuitoa, amwone daktari kwanza, kwani sukari ya chakula ikikatwa ghafla na dozi ikabaki ileile, ya damu inaweza kushuka hadi akazimia.