Mtaro Hauna Mwangwi

(Mhadhara kwa madereva na wanafunzi wa udereva, Mwanga, Kigoma)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyie mliokaa kimya kote kuwili, habari zenu pia. Naona nimeandikiwa dakika 30. Wanaonifahamu wanacheka, wanajua dakika ya 20 itanikuta bado niko mtaroni.

Ndiyo, naanza na mtaro. Nimeusimulia stendi, nimeusimulia hata msibani, na mke wangu akisikia tu neno mtaro anakumbuka ameacha kitu jikoni. Lakini darasa jipya hamjausikia. Wakubwa, vumilieni.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anafanya kazi Dar. Alinunua gari dogo la umeme, mtumba kutoka Japani, akalileta huku likizo ya mwisho wa mwaka. Nasema alilileta kwa sababu halikuja kwa magurudumu yake. Lilipakiwa juu ya semi, likashushwa hapa mwisho wa reli likiwa safi kama sahani ya mgeni. Ndani mna kioo kikubwa kama televisheni, maandishi yote Kijapani, na mna mwanamke anayeongea Kijapani kila ukiwasha. Halafu kuna kitufe. Ukikibonyeza ukakishikilia, gari linajipaki: linakata usukani, linabadili gia, linakanyaga breki lenyewe. "Mjomba, panda uone."

Nikapanda. Tukashuka hadi madukani. Kushoto kuna bajaji imesimama, mbele yake pikapu, na katikati yao nafasi ya gari moja, nzuri kabisa, saa nne asubuhi, siku ya soko. Sasa nyie wenyeji niambieni: katika mji huu, nafasi nzuri siku ya soko inabaki wazi kwa sababu gani? Kila dereva wa hapa anajua. Ule mtaro umefunikwa kwa mabamba ya zege, na magari yanapaki juu yake. Pale katikati mabamba mawili yalishavunjika. Mtaro uko uchi. Ndiyo maana hata mwenye bajaji, ambaye anapaki popote hata juu ya miguu yako, pale hapaki.

Nikafungua mdomo. Mpwa akaniwahi: "Tulia Mjomba, linaona kila kitu. Kamera 4, sensa 12." Kidole kimoja kwenye kitufe, mkono wa pili anawapungia vijana wa bodaboda. Gari likaanza kurudi kimyakimya, usukani unajizungusha kama umepandwa na jini. Nikasema simama. Akasema bado kidogo. Na mkumbuke yeye amekaa kulia, mtaro uko kushoto, hata angetaka kuuona asingeuona bila kugeuza shingo, na shingo ilikuwa na kazi ya kusalimia watu. Gurudumu la nyuma kushoto likazama puu. Na yule mwanamke wa Kijapani akasema jambo moja refu sana. Mpaka leo hatujui alisema nini.

Chekeni, lakini subirini. Vijana wakaja, kamba zikaja, na fundi mmoja akaja na jeki. Akainama aitie katikati ya sakafu. Nikamrukia! Gari la umeme betri yake imelala chini ya sakafu, upana karibu wote. Hapo siyo pa jeki, kuna sehemu zake maalumu pembeni. Na ukiona waya wa rangi ya chungwa, huo una umeme wa kuua, usiuguse. Mwingine anataka alivute kwa kamba mpaka gereji. Gari la namna ile halivutwi magurudumu yanayozungushwa na mota yakiwa chini, unaweza kuiharibu. Basi likanyanyuliwa kwa mabega. Uzito wake si chini ya tani moja na nusu. Soda nilinunua mimi, mjomba mtu.

Sasa, kwa nini halikuuona? Hapa ndipo nataka mnisikilize, mengine yote mkiyasahau sina neno.

Zile sensa, yaani zile doa za duara kwenye bampa, zinapiga sauti. Sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii. Inakwenda, inagonga kitu, inarudi, na kompyuta inahesabu imechukua muda gani. Ni mwangwi, basi. Nenda Kibirizi, geukia mlima, piga ukelele: unarudi. Geukia ziwani, piga ukelele: umepotea huko kuelekea Kongo. Kwa sensa, kisichorudisha sauti ni njia nyeupe. Ukuta unarudisha. Pikapu inarudisha. Mtaro unarudisha nini? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na ukilielekezea bampa, sensa itakwambia rudi tu baba, hakuna kitu.

Na hata vitu vilivyosimama si vyote. Waya mwembamba, fito la uzio, jiwe fupi lililo chini ya usawa wa bampa, kitambaa kinachomeza sauti. Mtoto aliyefunikwa kanga anarudisha sauti hafifu kuliko ndoo ya bati. Hayo si maneno yangu, vitabu vya magari vyenyewe vinaonya hivyo. Ila cha mpwa wangu kimeandikwa Kijapani.

Najua kuna mtu hapo nyuma ana swali la kamera. Lipo kila mwaka. "Mwalimu, sensa sawa, lakini kamera je?" Kamera inaona rangi, haina fimbo ya kupima kina. Mtaro wenye maji ya tope saa sita mchana na lami iliyochakaa, kwenye picha vinafanana. Halafu ile programu imefundishwa kutafuta mistari iliyochorwa chini, au nafasi kati ya gari na gari. Mistari! Nioneshe mstari wa maegesho kutoka hapa mpaka Ujiji, nikununulie migebuka mitatu. Kwa hiyo kwetu inabaki na ile ya pili, nafasi kati ya gari na gari. Na nafasi kati ya gari na gari, kwetu, ndipo penye sababu.

Mwingine anasema mzee huyu anachukia mambo mapya. Nakubali, niliwahi kuisema vibaya gia ya otomatiki kwenye ukumbi kama huu, na leo nyumbani kwangu ipo otomatiki. Kamera ya nyuma naipenda. Marekani waliilazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia Mei 2018, na sababu kubwa ilikuwa watoto waliokuwa wakigongwa na magari yanayorudi nyuma. Vizuri sana. Kamera inakuongezea jicho. Kitufe kinakuondolea shingo.

Linganisha na utingo. Utingo anashuka. Anazunguka nyuma ya gari kwa miguu yake, na kama kuna mtaro anakuwa wa kwanza kuuona kwa sababu hataki kutumbukia yeye. "Njoo, njoo, kata, nyoosha, njoo, hapo hapo!" anapiga bodi kofi. Akikuangusha mtaroni unajua pa kumpata. Kitufe utakidai nini?

Naoneshwa saa. Haya, haraka.

Msidhani ni mtumba wa Kijapani tu. Kujipaki kulianza kuuzwa Japani kwenye Toyota Prius mwaka 2003, kwa hiyo ni zaidi ya miaka 20, na bado. Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, walianza kuondoa sensa za sauti Oktoba 2022, wakabaki na kamera, na magari yaliyotoka wakati ule yakakaa kwa muda bila uwezo wa kujipaki. Januari 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikafungua uchunguzi wa magari yao kama milioni 2.6, kuhusu ule mtindo wa kuliita gari kwa simu likufuate. Yalikuwa yanagonga nguzo na magari yaliyosimama. Nguzo, jamani!

China, Julai 2025, kampuni ya magari ya BYD walitangaza kwamba gari lao likijipaki likaharibu, watalipa wao. Huko China. Wewe wa Gungu usiende kudai. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inamjua dereva, haimjui kitufe. Na ukiwa na bima ndogo inamlipa uliyemgonga, rimu yako utajijua.

Mteremko: Kigoma yote ni mteremko, na mifumo hii haipendi mteremko wala barabara ya vumbi. Bado weka jiwe nyuma ya tairi. Tope jekundu likikaa kwenye sensa, futa kabla hujawasha. Gari la umeme halina muungurumo, kwa hiyo mbuzi hakimbii, na anayechezea mchanga nyuma yake anaweza asilisikie. Nilikuwa na la wezi wa mitandaoni pia, nimelifuta, naona harufu ya wali imeshaingia.

Lakini kabla ya wali tutoke nje. Nani amekuja na gari lenye sensa za nyuma? Wewe wa Noah, lete ufunguo. Tunalirudisha taratibu kuelekea karavati la hapo getini, mimi nitakuwa utingo, na nyie nyamazeni kimya kabisa, tusikilize kama litapiga filimbi.